Jiji Lililokuwa na Bendi Yake

Mwaka 1978 Dar es Salaam ilipata vitu viwili ambavyo ni nadra kuvisikia vikitajwa pamoja. Kwanza, serikali ilirudisha mabaraza ya miji. Yalikuwa yamefutwa mwanzoni mwa muongo huo, madaraka yake yakahamishiwa kwa watendaji wa serikali katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Pili, wanamuziki mahiri waliotoka bendi mbalimbali, akina Muhidin Maalim Gurumo na Abel Balthazar wakiwamo, walikutana katika baa ya Mlimani Park wakaunda bendi iliyobeba jina la baa hiyo. Mwajiri wao wa kwanza ilikuwa kampuni ya usafiri na teksi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Jiji. Baraza lililokuwa limetoka kufufuka, lenye kazi ya kuzoa taka na kuziba mashimo ya barabara, likawa na wapiga gitaa, wapuliza tarumbeta na waimbaji katika orodha ya mishahara ya shirika lake.

Mimi ni mtoto wa Magomeni, na nimefundisha historia katika shule za sekondari za Kinondoni mpaka nilipostaafu. Kila msimu wa uchaguzi naenda kuwasikiliza wanaoomba udiwani, wa vyama vyote, kwa sababu diwani ndiye kiongozi ninayeweza kumkuta gengeni nikamuuliza jambo. Wanaeleza habari za mifereji, makalavati, madarasa, zahanati, mikopo ya vijana na akina mama. Ni mambo ya lazima, na masika yakikaza bonde la Msimbazi likajaa hakuna mwenye haja ya kushawishiwa. Wakifika kwenye michezo, ahadi ni jezi na mipira. Wakifika kwenye utamaduni, utamaduni ni yule kijana wa singeli aliyechangamsha uwanja kabla ya hotuba. Ukiuliza zaidi unajibiwa kwamba hayo ni ya wizara.

Jibu hilo linaniuma, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya historia ya mji huu hayakuwa ya wizara. Yalikuwa ya mji, na mji uliyashughulikia, mara nyingine kwa wema na mara nyingine kwa ubaya mtupu.

Tuanzie Mnazi Mmoja. Wajerumani waliugawa mji kwa sheria za ujenzi: nyumba za Kizungu upande wa bahari, maduka na maghorofa ya Wahindi katikati, nyumba za udongo na makuti za Waafrika upande wa magharibi. Waingereza walipoingia waliona mgawanyo huo hautoshi. Kuanzia miaka ya 1920 walisafisha ukanda wa ardhi kati ya Uhindini na Kariakoo, nyumba zikaondolewa, pakaachwa wazi. Hoja yao ilikuwa ya afya: maradhi ya Waswahili yasivuke kwenda upande wa pili. Huko Uzunguni tayari palikuwa na Gymkhana, yenye viwanja vya gofu na tenisi. Kwa hiyo uwanja mkubwa wa katikati ya mji haukuanza kama zawadi kwa watoto wa Kariakoo. Ulianza kama mpaka wa kuwazuia.

Watu wa Kariakoo wakauteka huo mpaka. Wakauchezea mpira, wakauswalia Idi, wakaupigia ngoma na kuufanyia mikutano, hata ukawa ndio moyo wa mji. Mnara wa Mwenge wa Uhuru ulipotafutiwa mahali, ulijengwa hapo. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi wangu pale, nawaambia wasimame katikati ya uwanja, watazame upande wa Uhindini kisha wa Kariakoo, ndipo naanza somo. Hakuna ukurasa wa kitabu uliowahi kunisaidia kufundisha ukoloni kama nyasi zile.

Ngoma nazo zilikuwa jambo la serikali ya mji. Ukitaka kupiga ngoma ulihitaji kibali, na kulikuwa na saa ambayo lazima ngoma inyamaze. Wakoloni waliziogopa, na walikuwa na sababu. Kufikia miaka ya Vita Kuu ya Kwanza ngoma ya beni ilikuwa imeshaingia mjini kutoka pwani ya kaskazini, watu wamegawanyika Marini na Arinoti, kila upande na sare zake, vyeo vyake vya kijeshi, mfalme wake na wakubwa wake. Marini walijiona waungwana wa mjini, Arinoti walikuwa zaidi watu wa hali ya chini na wa kutoka bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, na alichokionyesha ni kwamba waliokuwa wakicheza walikuwa pia wakijifunza namna ya kuendesha chama: kuchagua viongozi, kukusanya michango, kuzikana, kusaidiana na kushindana bila kuuana.

Faida ya mafunzo hayo ilionekana mwaka 1955. TANU ilikuwa changa na ilihitaji wanawake. Bibi Titi Mohamed hakuwa na shahada, hakuwa na ofisi. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma, na wanawake wa Dar es Salaam walikuwa wamejipanga katika vikundi vya namna hiyo mtaa kwa mtaa, vya lelemama na vinginevyo. Alipowaendea viongozi wa ngoma, aliwapata na wafuasi wao kwa mkupuo. Maelfu ya kadi za kwanza za wanawake zilipita katika njia iliyochimbwa na ngoma. Nikimsikia mgombea akisema burudani ni jambo la baadaye, tumalize kwanza barabara, nafikiria barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja. Inaitwa Bibi Titi Mohamed.

Pembeni ya uwanja huo kuna Ukumbi wa Arnautoglu, ambao wengi wetu tunauita Anatoglo. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza ilijenga vituo vya ustawi wa jamii katika miji mingi ya Tanganyika, kwanza kwa kuwafikiria askari waliorudi vitani, ambao walikuwa wameona dunia na wasingekubali tena kukaa kimya. Kile cha Dar es Salaam kilikuwa kikubwa kuliko vingine, na kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa fedha alizotoa tajiri George Arnautoglu. Kulikuwa na madarasa ya jioni ya kusoma na kuandika, ushonaji kwa akina mama, dansi na mikutano. Serikali ilitarajia kwamba watu wakipata mahali safi pa kujistarehesha watatulia.

Hawakutulia. Aprili 1953, katika ukumbi huohuo, chama cha TAA kilifanya uchaguzi wake, na Julius Nyerere akamshinda Abdulwahid Sykes katika nafasi ya urais wa chama. Mwaka uliofuata TAA ikageuzwa kuwa TANU. Ukumbi wa dansi na cherehani ukawa umezaa uongozi wa nchi. Na tangu hapo umebaki mali ya umma: kwa miaka mingi Baraza la Madiwani la Ilala limefanyia vikao vyake Anatoglo. Diwani anayesema burudani si kazi ya baraza anaweza kuwa anayasema hayo akiwa ameketi ndani ya jengo lililojengwa kwa ajili ya burudani.

Kuna mtu mmoja ambaye ningependa kila mgombea amjue. Uchaguzi wa mwaka 1960 ulimleta meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, Sheikh Kaluta Amri Abeid, mzaliwa wa Ujiji. Alikuwa mshairi. Mwaka 1954 alikuwa amechapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, ambacho sisi walimu tumekitumia mpaka kurasa zikachanika. Baada ya umeya aliingia katika baraza la mawaziri, akashika sheria, kisha akapewa maendeleo ya jamii na utamaduni wa taifa, akafariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 40. Mji huu ulianza uhuru ukiongozwa na mtu aliyejua mizani na vina. Uwanja wa Arusha una jina lake, na nimekutana na vijana wengi wanaodhani alikuwa mchezaji wa mpira.

Njia aliyopita Amri Abeid, kutoka ofisi ya meya kwenda wizarani, ndiyo njia iliyopitwa na utamaduni wenyewe. Desemba 1962 Nyerere, akiwa rais mpya wa jamhuri, alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Nia ilikuwa njema: ukoloni ulikuwa umewafundisha watu kuzionea aibu ngoma zao. Kukaundwa kikundi cha ngoma cha taifa. Lakini jambo lililokuwa la mtaa likapandishwa ngazi, na maamuzi yake yakawa ya watu wasiojulikana mtaani. Novemba 1969, kwa mfano, Mkuu wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulijumuisha Dar es Salaam, alipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za mji. Mwaka huohuo ulikuwa umeanza na Operesheni Vijana ya kupiga vita sketi fupi na nywele za bandia. Vijana waliokuwa wakicheza hawakuulizwa na diwani yeyote. Miaka michache baadaye hata madiwani wenyewe hawakuwapo.

Sasa narudi kwa DDC, kwa sababu hapo ndipo ninapopajua kwa macho yangu.

Baba yangu alikuwa mkata tiketi katika ukumbi wa DDC Magomeni Kondoa. Alikuwa na meza ndogo, kijitabu cha tiketi, kalamu nyuma ya sikio, na shati jeupe ambalo mama alilipiga pasi ya mkaa kila siku ya dansi. Tuliishi karibu kiasi kwamba gitaa la besi lilitufikia vitandani. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini nilipomuuliza kwa nini anavaa vizuri hivyo kukaa mlangoni gizani alinijibu, "Mwanangu, mimi ni mtumishi wa Jiji." Alilisema hilo kwa fahari ileile aliyokuwa nayo jirani yetu mpimaji wa ardhi.

Vijana wa leo huniuliza imekuwaje bendi ikamilikiwa na halmashauri. Wakati ule halikuwa jambo la ajabu hata kidogo. Bendi nyingi kubwa za dansi zilikuwa za taasisi za umma. NUTA Jazz, baadaye Juwata, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima, na JKT, Polisi na Magereza wote walikuwa na zao. Sababu ilikuwa ya kiuchumi. Fedha za kigeni zilikuwa haba na vyombo vya muziki viliagizwa kutoka nje. Mtu binafsi angepata wapi kibali cha kuingiza vikuza sauti, nyuzi za gitaa na saksafoni, wakati hata sabuni na sukari vilikuwa vya kupanga foleni? Taasisi ndiyo iliyoweza. Kwa hiyo taasisi ikawa na vyombo, mwanamuziki akawa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi, na vyombo akiviacha pale anapohama.

Wala hapakuwa na biashara ya sahani za muziki ya kumlisha msanii. Nyimbo zilirekodiwa studio za Radio Tanzania, zikapigwa nchi nzima, na mtungaji akabaki na sifa. Pesa ilikuwa mlangoni, katika kiingilio, na kaunta, katika bia. DDC ilikuwa navyo vyote viwili: kumbi zake, kama ile ya Kariakoo na hiyo yetu ya Magomeni Kondoa, na baa zake. Bendi ilivuta watu, watu wakanywa, na mapato yakaingia katika shirika ambalo lilikuwa mali ya Jiji. Mwalimu mwenzangu wa hesabu alipenda kusema kwamba hiyo ilikuwa tozo pekee ambayo watu wa Dar walijipanga mstari kuilipa wakiwa wamevaa vizuri.

Na bendi yenyewe! Mwongozaji wake Michael Enoch alikuwa ametoka katika Dar es Salaam Jazz ya zamani, akiweza kupiga karibu kila chombo, na wengi walipita mikononi mwake kama wanafunzi. Sauti ya Gurumo ilikuwa nzito, ya mtu mzima anayekupa habari ya msiba. Sauti ya Hassan Bitchuka ilipanda juu mpaka ukahisi inaning'inia. Mtindo wao waliuita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa mji huu. Shirika la Jiji, lililorithi ofisi za watu waliotoza vibali na kuzima ngoma za Wazaramo, likawa linalipa mishahara kwa watu waliobeba jina la ngoma hiyohiyo jukwaani. Sioni mnara wowote wa ukombozi unaonigusa kama jambo hilo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo baba alilijua kutokana na meza yake. Ushindani wa Sikinde na Msondo, yaani bendi ya Juwata, uliwagawa watu wa mji kama Simba na Yanga, lakini uliwagawa bila kujali kabila, dini wala mshahara. Mlangoni walipita makuli wa bandari, makarani, wauguzi waliotoka zamu, wafanyabiashara wa Kariakoo na wahadhiri wa Chuo Kikuu, Mlimani. Kiingilio kilikuwa kimoja. Watunzi nao waliandika kwa ajili ya umati huo: ndoa, wivu, ulevi, wasiotuma barua nyumbani, watoto wanaolelewa na jirani. Nilipoanza kufundisha nilikuta wanafunzi wanaweza kujadili maadili ya wimbo wa Sikinde kwa saa nzima, huku kitabu cha uraia wakilala nacho.

Sitaki kuipamba picha kupita kiasi. Mishahara ilikuwa midogo. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliwavuta Gurumo na wenzake kwenda kwenye bendi yake ya Safari Sound, na waliondoka kwa sababu za tumbo ambazo hakuna mtu mwenye familia angezilaumu. Sikinde ilijaza nafasi ikaendelea. Lakini ile sababu ya kiuchumi iliyokuwa imeziweka bendi mikononi mwa taasisi ilikuwa ikiyeyuka. Biashara ilifunguliwa katikati ya miaka ya 1980, vyombo vikaanza kuingia na watu binafsi, disko zikaenea, mashirika ya umma yakaanza kuhesabu hasara. Katika miaka ya 1990 redio na televisheni binafsi zikaja na muziki mwingine.

Baraza lenyewe nalo liliyumba. Mwaka 1996 serikali ililivunja Baraza la Jiji kwa kushindwa kazi, ikaweka Tume ya Jiji. Mwaka 2000 zikaja manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na baadaye Ubungo na Kigamboni zikamegwa. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa hizo ikavunjwa, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Kila mara ofisi zilipogawanywa, magari na madeni yaligawanywa pia. Ningetamani kuona orodha ya mali za burudani katika migawanyo hiyo yote: kumbi, viwanja, vyombo, majalada. Mwananchi wa kawaida anayepita mbele ya ukumbi wenye herufi DDC ukutani hajui tena amuulize nani.

Mikoani jambo hili lilikuwa na sura nyingine. Viwanja vikubwa vya mpira, kama Kirumba wa Mwanza uliofunguliwa mwaka 1980, au huo wa Sheikh Amri Abeid, vilijengwa na kukuzwa wakati wa chama kimoja, wakati mchango wa mwananchi, wa chama na wa serikali ulikuwa ukiingia kapu moja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, vingi vya viwanja hivyo vikabaki mali ya CCM. Bukoba ni tofauti: Kaitaba ni ya manispaa, na ndiyo maana madiwani wa Bukoba wanaweza kujadili nyasi na kiingilio chake katika vikao vyao. Sehemu nyingine diwani hawezi kuahidi uwanja kwa sababu uwanja si wa halmashauri. Hilo ni jambo la kuzungumzwa waziwazi na wagombea wa pande zote, bila kugombana, maana watoto wanaouhitaji uwanja hawana kadi.

Huku Dar kilichobaki mikononi mwa umma ni ardhi ya wazi, na nayo inapungua. Mikutano mikubwa ya kampeni yenyewe hufanyika katika viwanja vya mitaa: Mwembeyanga kule Temeke, Zakhem Mbagala, Biafra Kinondoni, Tanganyika Packers Kawe. Siku nyingine zote viwanja kama hivyo ni vya chandimu, vya mazoezi ya asubuhi, vya sherehe na mahubiri. Mashindano ya Ndondo Cup yameonyesha kwamba uwanja wa vumbi, kama Kinesi au Bandari, unaweza kujaza watu kuliko mechi za ligi. Kidongo Chekundu palipojengwa kituo cha vijana cha JMK katika miaka ya 2010, kwa ushirikiano wa kampuni ya Symbion na klabu ya Sunderland ya Uingereza, watoto wa Kariakoo na Gerezani walijaa tangu siku za kwanza. Nami huwaza: klabu ya mji wa mbali imeweza kuona hitaji hilo, na fremu za maduka zinaendelea kuchomoza pembezoni mwa viwanja vyetu vingine.

Upande wa ngoma, wakati halmashauri zikiwa na shughuli nyingine, vijana wa Manzese, Tandale, Temeke na Mbagala walijifanyia wenyewe. Kutoka kwenye ngoma za Wazaramo walitoa mchiriku, wa vinanda vidogo na spika za kuungaunga. Kutoka mchiriku na mengine wakatoa singeli, ambayo leo inachezwa kwenye matamasha ya Ulaya. Hakuna shirika la Jiji lililowalipa. Wanapokutana na serikali ya mji ni pale wanapotafuta kibali cha sherehe ya mtaani, au pale vigodoro, zile sherehe za usiku kucha mtaani, vinapopigwa marufuku. Wazee tuna haki ya kulala usiku, na nimewahi kwenda mwenyewe kwa mjumbe kulalamika. Lakini kijana anayefukuzwa barabarani saa sita usiku anastahili kuelekezwa ukumbi wa kwenda, wenye kuta na saa zake. Tulikuwa nazo kumbi hizo. Jiji lilikuwa likilipa watu wa kukaa mlangoni.

Sheria haijabadilika kuwa adui. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinazipa mamlaka za miji kazi ya kuweka na kutunza viwanja vya burudani, bustani na huduma za namna hiyo. Kilichopungua ni fedha na mazoea. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA, mwaka 2016, mipango mingi hutoka juu, na mgombea udiwani hubeba ilani iliyoandikwa makao makuu ya chama chake. Hakuna mgombea binafsi katika uchaguzi wetu. Lakini nafasi ya kusema la kata yake bado anayo.

Katika mkutano mmoja nilisimama nikauliza kata yetu imebakiwa na viwanja vingapi vya wazi, na nani ana ramani yake. Mgombea, kijana mwenye adabu, alianza na shikamoo mama mwalimu. Kisha akasema, "Hilo la viwanja na ngoma, mama, liko ngazi ya wizara, lakini mkinichagua nitalifikisha." Watu wakapiga makofi, mkutano ukaendelea.

Mgombea mwingine, mwanamke, alikuwa amesimama nyuma akisikiliza. Siku iliyofuata alikuja barazani kwangu, akakaa kwenye mkeka, akaniuliza aanzie wapi. Nilimweleza hayo yote niliyoyaandika hapa, kuanzia Mnazi Mmoja. Kisha nikamwandikia kwenye karatasi: aombe ofisi ya mipango miji ramani ya kata yenye maeneo ya wazi yaliyotengwa, ailinganishe na yaliyopo kwa kutembea kwa miguu, aulize kwa barua kumbi za DDC ziko chini ya nani leo na zinakodishwaje, aulize ni siku ngapi kwa mwezi Anatoglo inafunguliwa kwa vijana bila malipo, na apendekeze fungu la burudani, hata dogo, katika mapato ya ndani.

Aliuliza kama diwani mpya ana nguvu ya kuyafanya hayo. Nikamkumbusha kwamba diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mipango ya mitaa hupita pale kabla ya kufika halmashauri. Akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya pochi, akauliza tena jina la meya yule aliyekuwa mshairi. Nilimtajia. Nilimwambia pia kwamba mkutano wa kwanza wa mtaa baada ya uchaguzi nitakuwapo na nakala ya karatasi hiyo, awe ameshinda yeye au mwenzake.